Mashine Imemaliza, Kazi Bado

Siku hizi hata uvivu una gharama. Zamani mvivu alikaa chini ya mwembe akapata upepo wa bure. Leo mvivu wa ofisini anakaa mbele ya kompyuta na kulipia, kila mwezi, programu ya kumkumbusha kwamba hajafanya kazi. Mimi nina ya kupanga ratiba, nina ya kuniandikia, na nina nyingine ya kupima kama hizo mbili zinanisaidia. Bando likikata zote huzimika pamoja, na mara nyingi hapo ndipo kazi husogea.

Ofisi yetu iko maeneo ya Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya nne, na lifti ina tabia zake. Jina la ofisi halina maana. Ukishafanya kazi katika mojawapo, umezijua zote. Kuna mkuu wa idara, kuna kaimu wake, kuna sisi maofisa wa kuandika barua na taarifa, na kuna masijala, chumba ambacho majalada huingia yakiwa membamba na kutoka yakiwa yamenenepa. Siku moja mkuu alirudi kutoka semina Arusha akiwa na neno moja mdomoni: tija. Alilitia katika kila sentensi, hata alipoomba apitishiwe chumvi kantini. Tukaagizwa kila mmoja ajenge tabia za tija, atumie akili mnemba, kisha aeleze mafanikio yake kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.

Nilianza na tabia, maana tabia haili bando. Vitabu vya tija vyote vinakubaliana kwamba waliofanikiwa huamka saa kumi na moja alfajiri. Bila shaka waandishi wake wanakaa mahali ambapo kuamka saa hiyo ni ushujaa. Dar es Salaam saa kumi na moja vituo vya Mbagala na Gongo la Mboto vimeshafurika, muuza vitumbua ameshamaliza beseni la kwanza, na mwadhini ameshawaamsha wenye nia na wasio na nia. Kama kuamka mapema peke yake kungeleta utajiri, kondakta wa daladala angekuwa bilionea, na sisi ndio tungekuwa tunamdai chenji kwa adabu.

Kitabu changu kiliahidi kwamba nikivumilia siku 21, tabia itaota mizizi. Namba hiyo ina asili yake. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, Mmarekani Maxwell Maltz, aliandika katika kitabu chake Psycho-Cybernetics kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Basi pua za watu wachache wa Marekani zikageuzwa sheria ya walimwengu wote, na lile "angalau" likadondoka njiani. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti juu ya watu 96 waliokuwa wakijizoeza mambo madogo, kama kunywa maji au kutembea kidogo kila siku. Ilichukua wastani wa siku 66. Mwepesi kuliko wote alizoea kwa siku 18. Mzito kuliko wote alikadiriwa kuhitaji 254. Nilimsomea mama watoto habari hizo nikiwa na furaha ya mtu aliyeongezewa muda wa kulipa deni. Akanitazama kidogo, akasema, "Baba, wewe andika 254 moja kwa moja, tusije tukagombana katikati."

Programu ya ratiba nayo ilikuwa na mawazo yake. Kuna kitabu cha Brian Tracy, kilichotoka mwaka 2001, kinachoshauri uanze asubuhi na kazi ngumu kuliko zote, na kazi hiyo anaiita chura: ukishamla chura wako mapema, yaliyobaki ni mteremko. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba programu iliupeleka kwenye simu yangu nikiwa bafuni, simu ikiwa mezani sebuleni, na mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia, akiwa karibu na meza. Kioo kikawaka: "Je, umeshamla chura wako leo?" Mama hakuniuliza kitu. Alimvuta bintiye jikoni, nikasikia ananong'ona, "Mwanangu, mmefika huko na hamsemi?" Mchana akaagiza kuku wawili kwa hela yake, na usiku akanipakulia mwenyewe, mapaja yote upande wangu. Nilijaribu kueleza. Kila nilipoeleza aliongeza mchuzi.

Kutoka kwa chura nikahamia kwenye nyanya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa Kiitalia, Francesco Cirillo, alishindwa kutulia na masomo yake, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega. Akaona kwamba mtu akifanya kazi kwa dakika 25 bila kugusa kitu kingine, kisha akapumzika dakika 5, mambo yanaenda. Watu wengi duniani wanafuata mtindo huo na unawafaa. Lakini Cirillo alitega saa yake chumbani kwake Italia, ambako hapana shaka hapakuwa na mzee wa uhasibu.

Mzee wa uhasibu hupita kila asubuhi kusalimia, na salamu yake haina mkato.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana. Za nyumbani?"

"Njema, mzee."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na yule aliyekuwa na homa?"

Tukaulizana watoto, tukaulizana wazazi wa pande zote, tukaingia kwenye msiba wa Mkuranga na nani alichanga na nani alisema atatuma, tukatoka tukaingia Simba na Yanga, na hapo hakuna mtu anayetoka haraka. Simu ikalia mezani. Mzee akashtuka.

"Nini hiyo?"

"Kengele ya kazi, mzee. Dakika zangu zimeisha."

"Ahaa! Basi, bwana, wacha nikuache ufanye kazi," akasema, akavuta kiti, akaketi.

Simlaumu. Katika mazungumzo yale, kati ya msiba na penalti, nilisikia kwamba mkuu anasafiri Alhamisi kwenda Dodoma. Habari hiyo haikuwa kwenye kalenda ya ofisi, wala kwenye barua pepe, wala kwenye programu yoyote niliyolipia. Sikuitia maanani wakati ule.

Sasa nije kwenye akili mnemba yenyewe. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, hakuna tena anayeogopa ukurasa mweupe. Kinachoogopwa sasa ni ukurasa uliojaa. Nilifiwa na shangazi Bagamoyo. Nikaiambia programu iniandikie barua ya kuomba ruhusa ya siku moja nikazike. Sentensi mbili zilitosha. Ikanipa ukurasa mmoja na nusu. Barua ilianza kwa kutumaini kwamba mkuu ana afya tele na ari ya kutimiza malengo. Ikaendelea kwa kichwa kidogo, "Usuli wa Msiba". Chini yake kikaja kingine, "Manufaa ya Ruhusa Hii kwa Idara", chenye vipengele vilivyopangwa vizuri, mojawapo kikisema safari ya Bagamoyo itaimarisha mahusiano na wadau wa ngazi ya familia.

Ningeikata, lakini lifti ilikuwa nzima siku hiyo na sikutaka kuikosa, nikaituma hivyo hivyo. Mkuu naye ni mtu mwenye shughuli nyingi. Hasomi barua ndefu. Ana programu yake ya kufupisha. Ikaifupisha barua yangu ikabaki mstari mmoja: mtumishi anapendekeza ziara ya kuimarisha mahusiano na wadau, Bagamoyo. Jibu likarudi kabla sijafika chini: "Wazo zuri. Andaa bajeti." Nikapanda tena ngazi, nikagonga mlango, nikasema, "Mzee, nimefiwa." Akasema, "Pole sana, nenda, nenda." Shangazi tumemzika salama. Bajeti bado ipo kwenye mchakato.

Fikiria kilichotendeka hapo. Mashine moja ilirefusha, nyingine ikafupisha, na katikati ya mashine mbili zilizofanya kazi bila kasoro, maiti ikapotea.

Yangu yalikuwa na nafuu. Kijana mmoja wa idara yetu aliandikiwa taarifa nzima juu ya posho za safari, na ndani yake kulikuwa na waraka wenye namba, tarehe na kichwa cha habari kilichonyooka kuliko nyaraka za kweli. Mkuu akataka nakala iambatishwe. Kijana akateremka masijala. Mama wa masijala akavaa miwani, akapekua daftari la mwaka ule, akapekua la mwaka uliotangulia, akavua miwani. "Mwanangu," akamwambia, "huu waraka haujazaliwa."

Yamewapata na wakubwa. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani hukumu za kubuni, walizopewa na ChatGPT, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Majina ya kesi yalikuwepo, majaji walikuwepo, hoja zilikuwepo. Kesi zenyewe ndizo hazikuwepo. Hali hii inatokana na namna mashine hizi zinavyofanya kazi: hukisia neno linaloelekea kufuata jingine, kwa kuwa zimesoma maandishi mengi mno. Zinajua vizuri sana waraka unavyopaswa kuonekana. Kama upo kweli rafuni, hizo si habari zao.

Tukaletewa na programu ya kusikiliza vikao. Unaiweka mezani, inasikiliza, kisha inatoa muhtasari na maazimio, na katibu wa kikao anapumzisha mkono. Kikao cha kwanza ilichosikiliza kilihusu matumizi makubwa ya karatasi. Tulikaa kuanzia saa nne mpaka karibu saa saba. Hiki ndicho ilichotoa:

"Azimio la kwanza: chapati mbili na maharage. Mhusika: Mkuu wa Idara. Utekelezaji: sasa hivi.

Azimio la pili: gari dogo jeupe lihamishwe, limezuia boza la maji. Mhusika: Kaimu.

Azimio la tatu: suala la karatasi lijadiliwe kikao kijacho."

Watu walicheka, mkuu akasema mashine haielewi Kiswahili. Mimi niliusoma ule muhtasari mara mbili nikitafuta kosa, sikuliona. Katika saa zile zote tulizokaa, hayo ndiyo mambo tuliyoamua, na mawili ya mwanzo yalitekelezwa kabla kikao hakijafungwa. Sijawahi kuona kumbukumbu za kikao zenye ukweli kiasi kile. Ndiyo maana hazikupitishwa.

Kilichoniumiza ni kwamba programu ile ilikuwa imeungana na simu yangu. Mwenyekiti alipofunga alisema, "Jumatano saa tatu asubuhi, masijala waje na takwimu za karatasi." Mashine ikasikia saa tatu, ikaandika saa tatu ya Wazungu. Usiku wa kuamkia Jumatano, saa tisa kamili, giza totoro, simu ikapiga kelele na kuangaza chumba kizima: "Muda umewadia! Kikao na Mama wa Masijala. Usichelewe." Mama watoto akakaa kitako kitandani. Hakupandisha sauti; angepandisha ingekuwa afadhali. "Masijala ya wapi hiyo," akauliza, "inayofunguliwa saa tisa usiku?" Nikaanza kueleza mambo ya saa za Kiswahili na saa za Kizungu, jinsi zinavyopishana kwa saa sita. Maelezo yangu yalikuwa sahihi kabisa, lakini katika saa ile ukweli wote una sura ya uongo. Mama mkwe akakohoa chumba cha pili.

Pamoja na hayo, niseme kweli: mashine zinaokoa muda. Taarifa iliyokuwa ikinila siku nzima, sasa rasimu yake hutoka kabla chai haijapoa. Swali ni muda ule unakwenda wapi, kwa maana hakuna hata mmoja wetu anayeondoka mapema, na wateja kule chini bado wanaambiwa "njoo wiki ijayo".

Mwingereza C. Northcote Parkinson aliligusa jambo hili mwaka 1955, katika makala aliyoandika kwenye The Economist. Alitoa mfano wa bibi mmoja asiye na shughuli, anayetumia siku nzima kutuma kadi moja kwa mpwa wake: kutafuta kadi, kutafuta miwani, kutafuta anwani, kuamua kama atoke na mwavuli. Hoja yake ni kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa. Kwetu taarifa ya mwezi ilikuwa kurasa nne. Sasa kwa kuwa kuandika ni bure, ni kurasa thelathini, na anayezipokea anazirudisha kwenye mashine zipunguzwe ziwe nne.

Lakini aliyenifungua macho zaidi ni Eliyahu Goldratt wa Israeli. Mwaka 1984 alitoa riwaya ya kiwanda iitwayo The Goal. Kiwanda hicho kimenunua roboti, roboti zinakwenda kasi, takwimu za roboti zinapendeza, na bado oda za wateja zinachelewa na kiwanda kinakaribia kufungwa. Kwa nini? Kwa sababu kazi ilikuwa inakwama kwingine, kwenye mashine chache zilizolemewa, na roboti zilichofanya ni kuongeza rundo la vitu vinavyosubiri mbele yake. Kuongeza kasi mahali ambapo hapakuwa na foleni hakupunguzi foleni.

Nikaamua kuifuata barua moja mguu kwa mguu. Ilikuwa ya mama mmoja aliyekuwa akifuatilia malipo ya marehemu mumewe, na alishakuja mara nyingi mpaka walinzi wakawa wanamwita shemeji. Kuiandika mashine ilitumia sekunde chache. Kisha ikawa ichapishwe. Printa haina wino. Wino uko stoo, upo wa kutosha, nimeliona boksi kwa macho yangu, lakini stoo hawatoi bila fomu, na fomu inasainiwa na mkuu, na mkuu yuko Dodoma. Kaimu ana madaraka ya kusaini barua. Hana madaraka ya kusaini wino. Kwa hiyo kaimu alikaa na kalamu mkononi akingoja barua, barua ikingoja wino, wino ukingoja mkuu, na mkuu huko Dodoma akifundishwa tija. Wiki ya tatu ikaingia. Wakati huohuo programu yangu ilinitumia pongezi: umeongeza kasi ya uandishi, endelea hivyo!

Nikashuka masijala.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja saa tatu ipi?" Alikuwa ameshazisikia habari za usiku ule, sikuuliza kwa nani.

Nikamweleza. Akavuta daftari lake, kaunta buku lenye jalada jeusi lililofungwa kwa mpira, kurasa zimejaa mwandiko mdogo wa kalamu ya bluu. Halikuwa daftari la serikali. Alilinunua mwenyewe Kariakoo. Nilitazama nikaona halina majina ya barua. Lina majina ya watu. Kila anayesaini ana ukurasa wake: anasafiri lini, anarudi kwa ndege au kwa treni, siku gani anakuwa na hasira, na namba ya dereva wake. Akapitisha kidole, akapiga simu. "Baba, hujambo? Mzee unampokea saa ngapi?... Mpitishe hapa kidogo, asishuke hata, nitamletea garini." Akakata. Akaniambia, "Barua haina miguu, mwanangu. Watu ndio wana miguu."

Jioni saa kumi na moja fomu ya wino ilisainiwa juu ya boneti ya gari, kwenye maegesho, injini ikiunguruma. Asubuhi yake barua ilichapwa na kusainiwa, na yule mama akaipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo nimepanga vitu upya. Mashine nimeiachia inachokiweza: rasimu, majedwali, kufupisha nyaraka ambazo hata hivyo nitazisoma tena kwa jicho langu. Chochote chenye namba, tarehe au jina la waraka nakipeleka masijala kwanza. Misiba naiombea ruhusa kwa mdomo. Na tabia niliyoishika ni moja: kabla ya kuwasha kompyuta nazunguka ofisi nzima kusalimia, nikiuliza kila meza ni kitu gani kimelala na kinamsubiri nani. Mzee wa uhasibu anafurahi sana. Anadhani hatimaye nimelelewa.

Kwenye kikao cha mwisho wa mwezi nilisema haya yote, ila sikumtaja chura. Nikapendekeza kaimu aruhusiwe kusaini wino. Mkuu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema suala la saini litahitaji kamati, ila hili la daftari ni ubunifu mkubwa. Akaagiza inunuliwe programu ya kufuatilia barua, ifungwe masijala haraka. Mafundi wamekuja wiki hii na kompyuta mpya. Mama amekubali, kwa sharti kwamba namba za madereva ziingie. Wamemuuliza ziwekwe sehemu gani, maana kwenye mfumo wao hakuna nafasi ya dereva. Amewaambia wamwondoe mkuu wa idara, patapatikana.